Ala Iliyobaki Mfukoni

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, na mama yenu akinisikia nikisema hivyo hununa mpaka jioni, lakini ndivyo ilivyo. Siku hiyo niliingiza mkono mfukoni nikitafuta kisu, nikapata ala. Ala ilikuwa mahali pake, imeng'ang'ania kitambaa kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, wala haikusogea. Kisu ndani yake hakikuwepo. Nikatoa mkono, nikaurudisha, nikautoa, nikaurudisha tena, utadhani kisu kingeona haya na kurudi. Niliyoyafanya baada ya hapo ndiyo nataka kukuambia, kwa sababu swali lako la leo limeyafukua.

Umeniletea kisu kizuri, siwezi kusema uongo. Chuma kizuri, mpini wa pembe, na ala ya plastiki inayong'aa. Unasema ala inateleza mfukoni, ukipanda boda boda inapanda juu, ukikaa inalala upande. Unasema umeona kwenye simu watu wa mbali wakibandika hiki na kile ili isiteleze, na sasa unataka nikushonee. Nitakushonea. Nimekaa hapa karibu na soko la mifugo miaka mingi nikishona ala na mishipi na kamba za ngamia, na sijawahi kumfukuza mteja. Ila kaa kwanza. Mikono yangu hufanya kazi vizuri mdomo ukiwa na shughuli.

Nilikuwa wa umri wako, au nilikupita kidogo, sina hakika. Baba alikuwa amefariki, na aliyenilea ni Abba Galma, mzee wa ukoo wetu, mtu mrefu aliyesema maneno machache mpaka watu wakadhani ana kigugumizi. Nilipoanza kutembeza ng'ombe wa watu kutoka Sericho kuja kuuzwa hapa Isiolo, Abba Galma alinipa kisu cha baba. Alikishonea ala mpya ya ngozi, na kwenye mdomo wa ala akaweka ukanda mwembamba wa kuzungushia mpini. Akaniambia kisu hiki ni cha kuchinjia, si cha kukatia kamba wala kuchokonolea kiatu. Nikaitikia. Vijana ni hodari wa kuitikia.

Wazee walivaa visu kiunoni, kwenye mshipi, kila mtu akiona. Mimi sikutaka. Nilikuwa nimenunua mtumba hapa mjini, suruali ya kombati yenye mfuko mkubwa kwenye paja, na nilijiona nimekuwa mtu wa mji. Kisu kiunoni niliona ni mambo ya washamba, na pia askari wa sokoni hawakupenda kuona kisu kikining'inia. Basi nikakitia mfukoni. Na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana bitana ya mfuko ule ilikuwa laini kama utumbo uliooshwa. Ala ilizunguka, ikapanda, ikalala kifudifudi, ikanidunga paja. Nikikimbiza ndama, mkono mmoja unakimbiza ndama na mwingine umeshika suruali.

Nikauliza watu. Hilo lilikuwa kosa dogo kabla ya kosa kubwa, kwa sababu niliuliza kila mtu. Fundi wa viatu akaniambia hakuna kitu kinashika kama tyubu ya lori. Nikaivalisha ala tyubu ya lori. Ilishika, ndiyo, lakini ilikuwa nzito na ikanuka mpaka mbwa wakanifuata. Muuza nafaka akasema gunia la katani. Nikashona gunia. Lilishika pia, ila lilinichoma paja, nikatembea kama mtu mwenye upele. Mama mmoja aliyeuza magodoro akanipa kipande cha sponji bure. Siku ya kwanza nikamwombea dua, siku ya tatu jasho lilikuwa limekifanya uji. Mwingine akasema nta ya nyuki. Nta, mwanangu, katika jua la Sericho. Ilikaa mpaka saa nne asubuhi, ikayeyuka, ikagandisha ala, tumbaku na kitambaa cha kufutia jasho vikawa kitu kimoja.

Nikajaribu msasa, ukakwangua mfuko mpaka ukatoboka. Nikajaribu ngozi ya mbuzi yenye manyoya, na hiyo ndiyo iliyonichanganya kabisa. Siku moja ilishika vizuri sana, siku ya pili ikapanda yenyewe hatua kwa hatua mpaka ikachungulia nje. Nilidhani ina jini. Kumbe manyoya hulala upande mmoja. Ukiyaelekeza juu yanazuia ala isipande, ukiyaelekeza chini yanaisukuma nje kila ukitembea. Nilichukua mwezi mzima kuelewa jambo ambalo mbuzi mwenyewe analijua.

Aliyenisaidia mwishoni alikuwa Ekai. Ekai alikuwa kijana wa Kiturkana, mwenyeji wa upande wa Ngare Mara, mtu wa kanisa, mwembamba, mcheshi, na tulikuwa tumetembeza ng'ombe pamoja misimu miwili. Tulikuwa tunajifunika shuka moja. Alijua matusi yote ya Kiborana chetu na mimi nilijua matusi yote ya Kiturkana, na hivyo ndivyo tulivyosalimiana asubuhi. Siku ya kuondoka Sericho alikuja na kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi ya pancha. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba, mwanangu, haina uzito, na ukiikwangua kidogo juu inashika kitambaa bila kukichana. Tukaivuta ikavaa ala kutoka ncha mpaka mdomoni. Pale mdomoni ikakwama kwa ule ukanda wa Abba Galma.

"Hii ukanda tunafanyia nini?" Ekai akauliza.

"Kata."

"Na kisu yenyewe itashikwa na nini?"

"Kisu iko ndani ya ala," nikamwambia. "Itaenda wapi?"

Akanitazama, akakata. Tyubu ikapita, gundi ikashika, nikatia mfukoni. Nikaruka, nikachuchumaa, nikakimbia nikizunguka boma, ala haikutikisika. Kwa mawazo yangu nilikuwa nimeshinda taabu zangu zote. Kutwa nzima nilikuwa nikipiga mfuko kwa kiganja, chini kabisa pale kwenye ncha, nikisikia ugumu wa ala, nikifurahi.

Sasa nikuambie tulikuwa tunapeleka nini, maana bila hilo huwezi kuona ubaya wangu. Kundi lilikuwa la watu wengi, lakini ndani yake kulikuwa na dume mmoja mwekundu wa mjane aitwaye Mama Talaso. Kiangazi kilikuwa kimemmalizia ng'ombe wote wa maziwa. Huyo dume ndiye aliyebaki. Mama Talaso alipanda lori akatangulia Isiolo kwa dada yake, na mpango wake ulikuwa mmoja tu, dume afike, abadilishwe na ng'ombe mwenye ndama, watoto wake wanne waache kunywa chai ya rangi. Kabla hajapanda lori alinishika mkono akasema, "Halake, huyo ndiye watoto wangu." Nikapiga mfuko wangu.

Abba Galma alikuwa na desturi ya kutembea nyuma pamoja na wanyama wachovu, sisi vijana tukatangulia na wenye nguvu. Siku ile, karibu na Gotu, tulikuwa tumemwacha nyuma mbali kidogo. Adhuhuri tulikuwa tumepumzika chini ya mgunga, nimelala ubavu, nimesinzia. Tukaamka, tukaendelea, mpaka tukafika mtoni. Unaijua ile sehemu yenye mawe meusi, mto unapoingia chini kwenye ufa. Ng'ombe wakasikia harufu ya maji, wakaanza kusukumana. Yule dume mwekundu akateleza ukingoni, akaanguka chini kwenye mawe, akaangukia shingo.

Tulishuka mbio. Alikuwa hai, lakini hakuwa wa kuinuka tena. Damu ilimtoka puani na pumzi ilikuwa inakwaruza. Wewe ni mtoto wa Kiislamu, unajua nilichotakiwa kufanya. Ukimwahi akiwa na uhai, ukamtajia jina la Mungu na kumkata koo, ni nyama halali. Gotu iko karibu, watu wangenunua, mjane angepata walau chochote cha kuanzia. Akifa mwenyewe ni kibudu, si chakula cha yeyote wetu, na Mama Talaso amebaki na mikono mitupu. Mimi ndiye niliyekuwa na kisu cha kuchinjia. Nikaingiza mkono mfukoni.

Hapo ndipo nilipokwambia, ala ipo, kisu hakipo.

Mwanangu, mtu akipoteza kisu na ala yake, anajua kimeanguka. Nami nilikuwa nimeshaangusha na kupoteza vitu kabla ya hapo. Lakini hii ya ala kubaki na kisu kuondoka sikuielewa. Nani anatoa kisu akaacha ala? Kitu kinachoanguka huanguka na nguo zake. Nilipapasa mifuko yote, nikaangalia chini kwenye mawe, nikaangalia juu tulikotoka, na macho yangu yalipochoka kuzunguka yakatua kwa Ekai.

"Kisu iko wapi?" nikamuuliza.

"Kisu gani?"

"Kisu yangu. Ala iko, kisu hakuna."

Akasogea atazame. Nikarudi nyuma kama anataka kuniibia mara ya pili. Ndipo akili yangu iliyokuwa imelala miezi yote ikaamka kwa mkupuo, ikaamka vibaya. Nikaona kila kitu kimepangika. Yeye ndiye aliyeleta tyubu. Yeye ndiye aliyeleta gundi. Yeye ndiye aliyekata ukanda.

"Ndiyo sababu ulikata ukanda," nikamwambia. "Nilikuwa nimelala pale kwa mti, ukatoa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ni mwizi."

Neno hilo, mwanangu, kati ya mtu wa kwetu na mtu wa kwao, halikuwa neno la kutamka ukiwa umesimama mahali pakavu. Limeunguza vibanda hapa mjini, na waliolitamka kwanza hawakuonekana kwenye mazishi. Mimi nilikuwa najua hayo, nikalitamka.

Ekai hakunirukia. Nilitaka anirukie, ningejua la kufanya. Alisema tu, "Halake, wewe ndiyo uliniambia nikate." Halafu akainama, akachomoa kisu chake kidogo kwenye mshipi, kisu cha kukatia kamba, akanipa upande wa mpini.

"Chukua hii. Chinja kwanza. Kugombana tutagombana baadaye."

Nilikishika. Nakwambia ukweli, nilikishika, kilikuwa mkononi mwangu. Dume alikuwa miguuni pangu. Na mimi nikaanza kufikiri, mtu ambaye hakuwa amefikiri tangu Sericho. Nikajiuliza, je, kisu cha mtu asiyekuwa Mwislamu kinafaa? Sikuwahi kuuliza. Kimekata nini? Labda kimekata nguruwe. Labda kimekata kibudu. Nikisoma jina la Mungu juu ya kisu hiki, nyama itakuwa nini? Na tena nikajiuliza, nikichukua kisu chake, nitamwitaje mwizi? Mwizi gani anakupa kisu? Na kama si mwizi, kisu changu kiko wapi? Mawazo yalikuja yote kwa pamoja kama ng'ombe kwenye mlango mwembamba, hakuna hata moja lililopita.

"Hii imekata nini?" nikamuuliza.

"Imekata kamba. Imekata nyama. Imekata kucha yangu," akasema. "Halake, anakufa."

"Nguruwe je?"

"Nguruwe nitatoa wapi hapa?"

Nikatazama kisu. Nikamtazama Ekai. Nikatazama njia nikiomba Abba Galma atokee aniambie la kufanya. Sauti ya pumzi ikakwaruza, ikakwaruza tena, halafu sikuisikia. Jicho la dume lilikuwa wazi, linanitazama bila kunitazama. Nilikuwa bado nimeshika kisu cha watu, kizima, kikali, hakijafanya kazi.

Nilikaa chini. Ekai pia alikaa, upande wa pili wa mzoga.

Abba Galma alitokea juu ya mawe muda mfupi tu baadaye, kama muda wa kuchemsha chai. Akatoa salamu, "Salaam aleikum," kwa sauti ya mtu mwenye habari njema, maana hakuwa ameona chini. Mkononi alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Halake," akasema, "nimepata kisu ya baba yako. Ilikuwa kwa majani, pale mlilala."

Ndipo akaona. Akashuka polepole, akashika pua ya dume, akashika shingo.

"Mmechinja?"

Ekai akanitazama mimi.

"Mmechinja?"

"Kisu haikuwa," nikasema.

Akatazama mkono wangu. "Na hiyo ni nini?"

"Ni ya Ekai. Sikujua kama inafaa. Yeye ni Mkristo. Sikujua imekata nini."

Mzee yule alinitazama kwa muda mrefu, nikaona anachanganyikiwa kama mimi, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana sikuwahi kumwona amechanganyikiwa.

"Kisu iko na dini?" akauliza. Hakuwa ananitania, alikuwa anauliza kweli. "Mwenye kuchinja ndiye anataja Mungu. Kisu ni chuma. Kama inakuchukiza, unaosha. Maji ndiyo hiyo." Mto ulikuwa hatua tano kutoka niliposimama, mwanangu. Nilikuwa nimelowa mpaka magotini.

Ekai hakusema nimemwita nini. Nilisema mwenyewe, kwa sababu neno lile lilinielemea. Abba Galma akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba ala, nikaitoa kwa nguvu, ilikuwa haitaki kutoka mfukoni. Akaitazama ile tyubu, akapitisha kidole mdomoni mwa ala pale ukanda ulipokatwa, akatikisa kichwa.

"Umefunga ala kwa mfuko ukasahau kufunga kisu kwa ala," akasema. "Hiyo ni ujinga ya kijana. Mimi pia nilikuwa nayo. Lakini mtu amekupa kisu yake na wewe umempa jina la mwizi. Hiyo si ujinga."

Nikangoja aseme basi ni nini. Hakusema. Alipanda mawe akaenda kukusanya ng'ombe, na mimi nimekaa miaka yote hii nikijaza neno lile mwenyewe. Siku nyingine nasema ni kiburi, siku nyingine nasema ni woga, na iko siku nilisema ni uchawi wa shetani, mke wangu akanicheka.

Usiulize jinsi tulivyomwacha dume pale kwa tai. Maji yakimwagika hayazoleki. Tulitembea siku tatu mpaka Isiolo, na Mama Talaso alikuwa amesimama mlangoni mwa soko, akihesabu vichwa kwa macho tangu mbali. Alijua kabla hatujafika. Abba Galma akanisukuma mbele, akasimama nyuma yangu, akasema aliyetukanwa porini ataombwa msamaha sokoni, na mwenye mali ataambiwa na aliyeipoteza. Nikaeleza yote mbele ya watu, wa kwetu na wa kwao, na nilipofika pale pa mwizi nikasikia watu wameacha kutafuna miraa. Nikamgeukia Ekai nikamwomba msamaha. Akanipa mkono, akasema, "Imeisha."

Mama Talaso hakulia. Alimuuliza Ekai, "Kijana, ulimpa kisu?"

"Nilimpa, mama."

Akanigeukia. "Ng'ombe ni wa Mungu, ametoa, amechukua. Lakini wewe, Halake, uliogopa kisu ya mtu kuliko njaa ya watoto wangu."

Nilimpa mtamba wangu, yule aliyetokana na ng'ombe wa baba. Hakuna aliyenilazimisha. Alimpokea, watoto wakanywa maziwa mwaka uliofuata, na Mama Talaso alikufa mzee akiniita mwanangu. Kwa hiyo usidhani hadithi hii ni ya ng'ombe. Ng'ombe hulipika.

Ni ya hizo siku tatu za kutoka Gotu. Asubuhi ya kwanza, tulipokuwa tunaanza safari, nilimtukana Ekai kwa Kiturkana kama kawaida yetu, nikitumaini. Hakunitukana. Alikuja akasimama mbele yangu, akaingiza mikono kwenye mifuko ya suruali yake, akaivuta nje yote miwili, ikaning'inia mitupu. Akangoja nitazame. Nilipotazama akairudisha ndani, akaenda kwa ng'ombe. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Asubuhi ya tatu nilimwambia, "Ekai, wacha." Akaivuta nje.

Hakutembea nami tena baada ya msimu ule. Alikwenda kupakia malori, akaoa, akapata mbuzi wake, sasa ni mzee kama mimi na goti moja bovu kuliko yangu. Kila siku ya soko hupita hapa. Tunakunywa chai, anaketi hapo hapo ulipoketi, ananiletea kazi, watoto wake ndio walionibeba nilipougua. Ni rafiki yangu kuliko ndugu zangu. Na kila akiinuka kwenda, mwanangu, husimama mlangoni akavuta mifuko yake nje akasema, "Halake, angalia, sijabeba kitu." Watu wote dukani hucheka. Yeye hucheka. Nami hucheka. Na mpaka leo, wallahi, sijui kama ni utani au ni kidonda. Mara ngapi nimetaka kumuuliza. Naogopa jibu la kwanza na naogopa jibu la pili.

Basi sikia nasaha yangu, nimeikalia muda mrefu. Ala yako hii ya plastiki nimeikwangua, nimeivalisha ngozi ya mbuzi, upande wa nyama nje, upande wa manyoya nimeshakwambia una ujanja. Juu yake nimezungusha vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kila kimoja upana wa vidole viwili, na nimevishona, kwa sababu gundi na jua letu hawapatani. Haitateleza. Lakini kabla ya hayo yote nimeweka ukanda wa kushika mpini, na usije ukaniambia unakusumbua. Kishikize kwanza kilicho ndani, ndipo ushikize cha nje. Na unapojikagua, usipige mfuko kwa nje ukaridhika, ingiza mkono ushike kisu chenyewe.

Na ikitokea umepoteza, kwa maana utapoteza, sote tunapoteza, basi kaa chini. Hasira hasara. Usifanye kutoelewa kwako kuwa kosa la mwenzako. Sema, "Sielewi," neno hilo halijavunja mtu jino. Tafuta nyuma ulikolala. Na mtu yeyote akikunyooshea mkono katika taabu yako, awe wa kwenu, awe wa kwao, pokea, fanya kazi, uliza baadaye. Neno ulilotupa haliokotwi na mzee anayefuata nyuma.

Shika kisu chako, kazi imekwisha. Mungu akupe njia yenye maji, akupe wanyama wanaonenepa, akupe mkono usiochelewa kupokea. Na akupe rafiki ambaye hana haja ya kukuonyesha mifuko yake.